Kufunga kompresa ya upepo kwenye pikapu ya porini: usinunue mashine kabla ya waya

Baba_Kasomeno (Lubumbashi)

Ndugu zangu, kila kiangazi kikikaribia maswali ni yaleyale: ninunue kompresa gani, niifunge wapi, fundi gani anaweza. Naandika yote hapa kwa pamoja, atakayeuliza tena nitamtupia uzi huu.

Gari langu ni Land Cruiser HZJ79, ile pikapu ya injini 1HZ, dizeli ya lita 4.2. Wenye Hilux, Ranger na D-Max wasikimbie, umeme hauangalii nembo.

Kwanza, nani anahitaji kitu hiki. Anayezunguka mjini tu, Kamalondo hadi Golf na kurudi, hana haja. Kwado, fundi wa matairi, yupo kila kona, anakujazia upepo kwa pesa ya karanga. Lakini toka Kasomeno uelekee Kilwa, ile yetu ya Katanga kando ya ziwa Moero (Mweru), kwenye ule udongo mwekundu uliojikunja mawimbi, ukiwa na upepo wa lami: gari linatetemeka mpaka bolti zinalegea na dashibodi inaanza kuimba. Ukipunguza upepo gari linatulia, tairi linaifuata ardhi badala ya kurukaruka juu yake. Mchanga wa kando ya Moero ndiyo usiseme. Shida inakuja unaporudi kwenye lami na mzigo wa samaki. Tairi laini kwa mwendo wa lami linachemka, na likichemka linapasuka. Anayeshusha upepo lazima awe na njia ya kuurudisha, na pampu ya mguu si njia, ni adhabu.

Sasa ukubwa. Tairi la 265/70R16 lina nafasi ya lita 60 na kitu. Kulitoa presha ya bar 1.2 hadi bar 2.4 kunataka lita 75 hivi za hewa. Matairi manne ni lita 300. Zile pampu ndogo za kuchomeka kwenye tundu la sigara zinafika, ila utakuwa umemaliza chupa ya chai, nayo mashine itakuwa haishikiki kwa moto. Kompresa ya kufunga yenye mota moja, daraja la ile ya kampuni ya ARB yenye silinda moja, inatoa kama lita 60 hadi 75 kwa dakika kabla haijabanwa na presha. Ile pacha yao inapita lita 170 na inakuja na fyuzi mbili za ampea 40. Namba hizo za kwenye boksi msizimeze nzima. Lubumbashi tuko mita 1,200 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo mashine ileile inachukua muda zaidi hapa kuliko Dar es Salaam.

Na sasa waya, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu.

Kompresa ya mota moja inakula ampea 25 hadi 30 ikiwa kazini. Chukua 30. Tuseme umeifunga nyuma ya kiti: mita 4 kwenda, mita 4 kurudi, jumla 8. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule ambao fundi wa redio atakuambia "huu mnene huu", unapoteza volti 1.6 njiani. Wa 6 unapoteza 0.7. Wa 10 unapoteza 0.4. Wa 16 unapoteza robo volti tu. Mimi nilitumia 16 na sijutii. Kila volti inayopotea inageuka joto ndani ya waya, na mota inakimbia pole pole kwa presha ileile.

Hayo mahesabu ni ya shaba safi. Hapa kuna jambo linaloniudhi kuliko yote. Tunakaa juu ya shaba, malori yanapita mbele ya nyumba zetu usiku kucha kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yamejaa shaba, halafu ukienda sokoni unauziwa waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu! Unang'aa vizuri, bei inashawishi. Nenda na kisu kidogo. Menya ncha, chukua unywele mmoja wa waya, ukwaruze. Ukitoka mweupe ndani, mrudishie mwenyewe. Pia pima kwa mkono: robota la alumini ni jepesi kiasi cha kukushtua. Alumini hiyo inapitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya shaba, na ukiibana kwenye kichwa cha waya inalegea baada ya muda kwa mtikisiko.

Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, isizidi urefu wa kiganja na kitu. Kazi yake ni kuulinda waya. Waya ukikwaruzika kwenye chuma kabla ya fyuzi, hakuna kitakachouzuia kuwaka, na gari litaondoka nao. Rilei ya ampea 40 ndiyo inayobeba mzigo, swichi ya kwenye dashibodi inaiamuru tu. Umeme wa swichi utoe mahali panapozimika ukichomoa ufunguo, mtoto asije akaiwasha usiku.

Halafu angalia kama gari lako ni la volti 12 kweli. Kuna Land Cruiser kutoka Japani zinazowaka kwa volti 24. Betri mbili chini ya boneti hazikuambii kitu, zinaweza kuwa zimeungwa sambamba au kwa mfuatano. Pima kwa mita kabla hujalipa.

Mahali pa kuifunga: wengi wanaweka chini ya boneti kwa sababu waya unakuwa mfupi. Ni sawa, mradi ikae juu, mbali na bomba la moshi, na ulimi wa chuma unaoishika uwe mnene. Mimi nilikata bamba la milimita 4, nikalifunga kwa bolti zilizokuwepo tayari kwenye bodi, sikutoboa tundu jipya. Chini ya gari sipendi kabisa. Masika inaoga matope, kiangazi inavuta vumbi. Vumbi letu jekundu ni laini kama unga wa muhogo na linaua pete za pistoni. Kama mashine yako ina tundu la kuvutia hewa linalokubali mpira, upandishe mpira huo juu, au ufikishe kwenye boksi la kichujio cha injini, upande wa hewa iliyokwisha kuchujwa.

Hewa inayotoka kwenye kompresa ni ya moto. Kipande cha kwanza kiwe mpira uliofumwa kwa waya wa chuma, ile mipira ya plastiki ya buluu ianzie mbele, hewa ikishapoa. Viungo visivyovuja pia vina hadithi yake. Kompresa nyingi zinakuja na meno ya Kimarekani, NPT, na kenkayeri zetu, yaani maduka ya vifaa, zinauza meno ya bomba la Kiingereza, BSP. Kwa robo inchi, NPT ina meno 18 kwa inchi na BSP ina 19. Vinaingiana mizunguko miwili mitatu, mkono unaamini, kisha fundi anaongeza nguvu ya spana na kichwa cha alumini kinapasuka. Beba kiungo cha zamani mfukoni unapokwenda kununua.

Tangi? Kwa matairi tu, usijisumbue. Tangi la lita 10 likiwa na bar 10 linakupa lita 76 za hewa mpaka lishuke kwenye bar 2.4. Hilo ni tairi moja. Baada ya hapo ni kompresa ileile inayofanya kazi. Mwenye bunduki ya kufungulia nati za upepo, huyo ndiye alitafute.

---

Tunduma_Nyanda

Mkuu heshima yako. Nimekuja huko mara kibao na semi, sikujua kuna watu mnachora hesabu namna hii.

Maswali mawili. Moja, kwa nini usichukue kompresa ya AC ya gari, ukaizungushia mkanda, ukapata upepo wa bure? Jamaa mmoja Mbeya anayo, anajaza tairi kama anapuliza puto. Pili, nikiwa Kasumbalesa kwado aliniuliza "kilo ngapi", nikamwambia thelathini na tano, akanitazama kama nimechanganyikiwa.

---

Baba_Kasomeno

Hahaha. Kilo yetu ni takribani bar moja, yaani PSI 14 na kitu. Thelathini na tano zako ni kilo mbili na nusu. Ungesisitiza angekulipulia tairi.

La AC namwachia mzee wa Katuba, najua anasoma hapa na ananisubiri.

---

Vieux_Katuba

Nipo, na nimesoma yote. Mwanangu umeandika vizuri ila umewafundisha watu kununua vitu vya kuchezea. Kompresa ya kweli inazungushwa na injini.

Ile kompresa ya AC ya York ya zamani, ya chuma, iliyofungwa kwenye magari ya Kimarekani miaka hiyo, ina oili yake tumboni kama injini. Kila mzunguko inameza inchi za ujazo 10 hivi, ambazo ni kama mililita 165. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika hiyo ni karibu lita 250 kwenye karatasi. Hakuna mota ya betri itakayonionyesha hivyo. Nimewafungia watu wa visima, mpaka leo wanapulizia vichujio na kufungulia nati kwa upepo huo.

Kijana wa Tunduma, rafiki yako wa Mbeya muulize anayo ya aina gani. Hizi za kisasa za AC, aina ya Sanden, hazina oili yao. Oili inasafiri pamoja na gesi. Ukitoa gesi na kuweka hewa, zinakauka. Lazima uzipe oili kidogo kidogo kwenye mpira wa kuvutia, halafu utege chombo cha kuikamata upande wa kutokea, la sivyo unaijaza kwenye tairi. Ukisahau oili, inakwama, na mkanda unakatika. Kama mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, porini umebaki wewe na nyani.

Kisha, wenye rimu za vipande, zile zinazofungwa kwa pete ya chuma, na tairi za 7.50R16 zenye mpira wa ndani: msisikie habari ya kushuka hadi bar 1.2 mkashangilia. Tairi likilegea sana linateleza juu ya rimu, linavuta mpira wa ndani, na valvu inakatika shingoni. Hapo kompresa ya bei yoyote haikusaidii. Na rimu ya vipande ikishatoka upepo wote, usiijaze umeinama juu yake. Nimeona pete ikiruka. Sitaki kusema zaidi.

---

Baba_Kasomeno

Mzee wangu, sikupingi kwenye nguvu. Ila niambie York ataipata wapi mtu wa leo, na nani atamchongea mabano yakae sawa na pulli, milimita kwa milimita? Wewe ni mmoja. Kompresa ya mota ikiharibika Kilwa, naifungua bolti nne, nasafiri. Mkanda ukikatika Kilwa, nasubiri.

Hilo la mpira wa ndani nimelikubali mikono miwili. Wenye 7.50 mbaki bar 1.8 kwenye mawimbi, na mzigo ukiwa mzito msishushe za nyuma.

---

Mama_BelAir

Jambo wana wa nyumbani. Mimi si fundi, nina pikapu mbili zinazoleta samaki na makopo ya mafuta, na madereva. Kila wiki naambiwa "mama tumetumia pesa ya kwado njiani". Je, nifungie gari zote mbili hivi vitu? Na nikifunga, si ndiyo dereva ataanza kufanya biashara ya kujazia watu upepo kwa betri yangu?

---

Baba_Kasomeno

Mama, kwa matumizi yako usifunge. Nunua moja ya mkononi, ya kubana moja kwa moja kwenye vichwa vya betri kwa makoleo. Ya tundu la sigara achana nayo, inaunguza fyuzi kwa sababu tundu hilo lina ampea 10 au 15 tu. Iweke kwenye boksi la chuma lenye kufuli, iwe inahama na gari linalokwenda mbali. Ongeza plagi za kuziba pancha na spana ya kutolea kifuniko cha valvu. Hapo kwado atabaki wa tairi lililochanika kweli.

Dereva akijazia watu, hiyo biashara naona ni yako pia, mdai hesabu.

---

Mama_BelAir

Nitamdai. Aksanti.

---

Kijana_wa_Kipushi

Jambo baba Kasomeno, jambo vieux. Miye niko Kipushi, niko na Hilux ya zamani. Fundi moja alinifungia kompresa chini ya kiti. Tairi ya kwanza inajaa muzuri. Ya pili inafika katikati, mashine inazima yenyewe. Nikingoja kidogo inawaka tena. Fizibo hapana kuungua hata siku moja. Fundi anasema mashine njo mubaya, ninunue ingine kwake. Nifanye je?

---

Tunduma_Nyanda

Mdogo wangu, fundi anayeuza dawa na kupima ugonjwa yeye mwenyewe, mkimbie.

---

Vieux_Katuba

Shika mota ikishazima. Ni ya moto ya kuchoma mkono? Basi swichi ya joto iliyo ndani yake inaikata isiungue, na ikipoa inairudisha. Mashine inajilinda. Haina ubaya.

---

Baba_Kasomeno

Mzee amemaliza, swali ni kwa nini inachemka mapema. Mota hizi zikipewa volti chache zinapunguza mwendo, lakini ampea hazipungui, kwa sababu mzigo wa presha ni uleule. Kwa hiyo inafanya kazi muda mrefu zaidi kujaza tairi lilelile, na joto linajikusanya. Ndiyo maana fyuzi haiungui: umeme haujazidi, umechelewa tu.

Usinunue chochote bado. Azima mita ya umeme. Washa injini, washa kompresa, ijaze tairi kweli, isipige hewa tupu. Kisha pima mara nne huku inafanya kazi:

Kwenye vichwa vya betri. Kwenye waya mbili pale zinapoingia kompresa. Halafu weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya kompresa, hiyo ni hasara ya upande wa chanya. Fanya vilevile upande wa hasi, yaani masi, mota bado inazunguka. Ulete namba hapa.

Wakati unapima, kama gari lako lina kile kitufe cha kuvuta cha kupandishia mizunguko ya injini, kivute. Injini ikiwa imelala chini sana altaneta haitoi chake chote.

---

Tunduma_Nyanda

Nami nikiwa nasubiri: viungo unavibana kwa nini, ile tepu nyeupe ya mafundi bomba?

---

Baba_Kasomeno

Ya majimaji, ile gundi ya kwenye meno, kama unaipata. Tepu inafaa ila uache meno mawili ya mwanzo wazi. Vipande vyake vikiingia ndani vinakwenda kukaa kwenye valvu ya kuzuia hewa isirudi, nayo ikishindwa kufunga, kompresa inajaribu kuwaka ikiwa tayari imebanwa na presha, mota inanguruma haizunguki. Ukimaliza, pakaza povu la sabuni kila kiungo, tazama. Kiungo kinachovuja kidogo utakijua: mashine yenye swichi ya presha inajiwasha yenyewe kila baada ya muda wakati hakuna anayetumia upepo.

---

Kijana_wa_Kipushi

Nimepima. Batri 13.6. Kwa kompresa 11.0. Upande ya plus inapoteza 0.5. Upande ya masi inapoteza 2.1!! Nimerudilia kupima, njo ile ile.

---

Vieux_Katuba

Haya. Kila mtu hapa alikuwa anaimba waya wa chanya. Masi ameifunga wapi?

---

Kijana_wa_Kipushi

Kwa bolti ya kiti, vieux. Juu ya rangi.

---

Vieux_Katuba

Juu ya rangi! Na chini ya rangi kutu, na kiti kimekaa kwenye bati jembamba, na kutoka kwenye bodi hadi betri kuna kile kiwaya kimoja kimechoka tangu gari lizaliwe. Umeme unatembea mguu mtupu. Bolti hiyo ikibaki hivyo siku moja itaunguza zulia.

---

Baba_Kasomeno

Usikwangue rangi ukaishia hapo. Vuta waya wa pili, wa hasi, unene uleule wa chanya, kutoka kompresa mpaka kichwa cha hasi cha betri. Ncha zibanwe kwa koleo kubwa la kubania, usikubali za nyundo. Zipake grisi kidogo baada ya kubana. Chanya ya 0.5 iache, hiyo inavumilika. Nina kipande cha 16, shaba safi, kilichobaki kwenye kazi yangu. Kwa Hilux, kutoka chini ya kiti mpaka betri, kitatosha. Ukija Lubumbashi niandikie kwenye ujumbe wa pembeni.

---

Tunduma_Nyanda

Kijana, kachukue kabla mama wa samaki hajakiwahi.

---

Kijana_wa_Kipushi

Nilikamata waya, aksanti mingi baba. Nimefunga leo asubui. Sasa kwa kompresa iko 12.6, tairi ine zote bila kuzima, mota iko na moto lakini mukono unavumilia. Fundi nilimuonyesha namba. Anasema batri njo ilikuwa mubaya.

---

Vieux_Katuba

Na betri anauza?

---

Kijana_wa_Kipushi

Anauza.